Burke, Type 45 au Type 055: destroya ipi ya kuchagua, na kwa kazi gani

Mabishano kuhusu manowari za kisasa huanzia na kuishia kwenye hesabu moja: hii ina seli ngapi, yaani matundu ya kurushia makombora? Type 055 ya China ina 112, Arleigh Burke ya Marekani ina 96, Type 45 ya Uingereza ina 48. Basi, Mchina kashinda na Mwingereza arudi bandarini. Kwa hesabu hiyohiyo bingwa angekuwa Sejong the Great ya Korea Kusini, iliyoingia kazini mwaka 2008 ikiwa na seli 128, lakini mashabiki wake ni wa kutafuta kwa tochi. Seli ni ghala tu. Ghala lina maana ukishajua adui yuko wapi, anakuja kwa kasi gani na umebakiwa na sekunde ngapi. Mimi huanza na macho ya meli, yaani rada, nikaja kwenye umeme unaoyalisha macho hayo, ndipo nafungua ghala.

Vipimo vyenyewe, kabla hatujaanza kuvichambua:

| | Burke toleo la III | Type 45 | Type 055 |
|---|---|---|---|
| Meli ya kwanza kazini | Jack H. Lucas, Oktoba 2023 | Daring, Julai 2009 | Nanchang, Januari 2020 |
| Urefu | mita 155 | mita 152 | mita 180 hivi |
| Uzito ikiwa imejaa | tani 9,700 hivi | tani 8,500 hivi | tani 12,000 hadi 13,000 |
| Seli za kurushia wima | 96 | 48 | 112 |
| Rada kuu | SPY-6, bapa nne zisizozunguka | Sampson, bapa mbili zinazozunguka | 346B, bapa nne zisizozunguka |
| Mzinga | milimita 127 | milimita 114 | milimita 130 |
| Mitambo ya mwendo | tabo (turbini) nne za gesi | tabo mbili za gesi na dizeli, zote zikizalisha umeme | tabo nne za gesi |

Kwa ukubwa wake Type 055 inaitwa kruza, manowari kubwa kuliko destroya, na Wamarekani, ingawa China yenyewe inaihesabu destroya. Tuiache humuhumu, maana kazi yake ni ileile: kulinda kundi la meli dhidi ya ndege, makombora na nyambizi, na kupiga mbali inapotakiwa.

Mlingoti mrefu au rada nzito

Kombora la kupiga meli, mfano Exocet, huruka mita chache tu juu ya mawimbi. Dunia ni duara na mawimbi ya rada hayapindi vya kutosha kuufuata mviringo huo. Aliyepanda mnazi huliona jahazi kabla ya aliyesimama ufukweni, na kwa rada ni vivyo hivyo. Hesabu yake si ngumu: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kutoka usawa wa bahari, jumlisha na kipeuo cha pili cha urefu linakoruka kombora, vyote kwa mita, kisha zidisha kwa 4.12. Jibu ni umbali wa kuonana kwa kilomita.

Tuseme kombora liko mita 4 juu ya maji. Antena ikiwa mita 16, utaliona likiwa umbali wa kilomita 25 hivi. Ipandishe antena hadi mita 36, utaliona kwenye kilomita 33. Kilomita nane zaidi, unaweza kusema si kitu. Lakini kombora linalokwenda mita 300 kwa sekunde litakufikia kwa sekunde 82 katika hali ya kwanza na sekunde 110 katika hali ya pili. Likiwa la aina inayoongeza kasi mwishoni hadi mita 900 kwa sekunde, unabaki na sekunde 27 au 37. Katika sekunde hizo kompyuta itambue, nahodha au mfumo uamue, kombora la kujihami litoke, lipande, ligeuke, likutane na lile linalokuja. Likikosa, uwe na muda wa kurusha la pili. Sekunde kumi ndizo tofauti ya kupata nafasi moja au mbili.

Waingereza wanalijua hilo kwa machungu. Tarehe 4 Mei 1982, katika vita vya visiwa vya Falkland, Exocet iliyorushwa na ndege ya Argentina iliipiga HMS Sheffield. Walikufa watu 20, na meli ikazama siku sita baadaye ikiwa inavutwa. Ukiitazama Type 45, ile tufe kubwa kwenye ncha ya mlingoti ndiyo jibu lao. Ndani yake Sampson inazunguka mara 30 kwa dakika ikiwa na bapa mbili zilizopeana mgongo, kwa hiyo kila upande wa bahari hutazamwa mara moja kila sekunde. Sababu ya kuwa na bapa mbili badala ya nne ni uzito: huwezi kupachika bapa nne kubwa juu kiasi hicho kwenye meli ya tani 8,500 bila kuifanya ilewelewe.

Wamarekani walikwenda njia nyingine. Bapa nne za Burke zimebanwa kwenye kuta za jengo la mbele, chini zaidi, na hazizunguki. Kila moja inatazama upande wake muda wote, hakuna sekunde ya kusubiri zamu. Na kwa kuwa ziko chini, zinaweza kuwa kubwa na nzito. Hapo ndipo SPY-6 ya toleo la III inapoiacha mbali SPY-1 ya matoleo ya awali: kila bapa imeundwa kwa moduli 37 zinazotoa nguvu zake zenyewe, kwa teknolojia ya galiamu naitraidi. Kombora la balistiki likiwa angani, mamia ya kilomita juu, urefu wa mlingoti hausaidii kitu, kinachotakiwa ni nguvu na ukubwa wa rada. Kwa yale yanayoambaa na mawimbi, Burke ina rada ndogo ya SPQ-9B iliyopandishwa mlingotini, na ikiwa karibu na meli ya kubeba ndege inaletewa picha na ndege ya E-2D inayotazama kutoka juu. SM-6, kombora la kujihami la Burke, inaweza kupigia shabaha ambayo meli yenyewe haijaiona.

Hiyo "ikiwa" ni kubwa, lakini. Destroya iliyo peke yake haina ndege ya kuichungulia.

Type 055 imejaribu kupata vyote: bapa kubwa za 346B chini na bapa ndogo zaidi kwenye mlingoti uliozibwa wote, bila manyoya ya antena yanayoning'inia. Kwa mchoro ni meli safi kuliko hizi mbili. Ila mchoro haujapigwa risasi, nasi tutalirudia hilo.

Nani anaongoza kombora likishatoka

Jambo hili hutajwa mara chache nami naliona zito kuliko idadi ya seli. SM-2, kombora la zamani la Burke, haiioni shabaha yake yenyewe mwishoni. Inahitaji meli iimulike shabaha kwa boriti ya rada, nayo ifuate mwangwi. Burke ina vimulikaji vitatu. Maana yake ni kwamba makombora kumi yakikujia kwa pamoja, mfumo wa Aegis, unaounganisha rada na makombora ya meli, unapaswa kugawa zamu za vimulikaji hivyo kwa sekunde za mwisho za kila pambano. Unafanya hivyo kwa ustadi mkubwa, lakini ni foleni.

Aster, kombora la Type 45, ina jicho lake puani tangu ilipobuniwa. Ikishapelekwa karibu na shabaha inajitafutia yenyewe, meli inahamia kwa nyingine. SM-6, iliyoanza kazi 2013, ina uwezo huohuo, kwa hiyo pengo limepungua. Lakini Burke inayokwenda baharini ikiwa imejaza SM-2 za zamani bado inabeba foleni hiyo.

Umeme, pale Type 45 ilipojikwaa

Rada kali inakula umeme na inatoa joto, na joto lazima lipozwe. Asiyeuliza kuhusu jenereta na mitambo ya kupozea ananunua jina.

Type 45 ilibuniwa kwa wazo zuri: injini zisizungushe rafadha moja kwa moja, zizalishe umeme, na umeme huo uendeshe mota, rada na kila kitu kingine. Faida ni mafuta kidogo na safari ndefu. Meli hii inaweza kwenda maili 7,000 za baharini kwa noti 18 (maili 18 za baharini kwa saa), wakati Burke inahesabiwa maili 4,400 kwa noti 20. Tatizo lilikuja kwenye tabo za WR-21, ambazo zina kifaa cha kupoza hewa inayoingia na kuvuna joto la moshi unaotoka. Kwenye bahari za joto kifaa hicho kilishindwa, tabo ikapunguza nguvu ghafla, dizeli mbili ndogo zikaelemewa, na meli nzima ikazimika. Manowari ya kujihami na ndege, iliyogharimu takribani pauni bilioni 1, inaelea gizani! Dawa yake ni kuzitoa dizeli hizo mbili na kuweka tatu zenye nguvu zaidi, kazi inayofanyika meli moja baada ya nyingine. HMS Dauntless ilitangulia. Ukisoma sifa za Type 45, tazama kwanza kama inayozungumzwa imeshapita karakana.

Burke haina njozi hizo. Tabo zake nne za LM2500 zimefungwa kwenye shafti mbili kwa njia ya zamani, na umeme unatoka kwenye jenereta za pembeni. Toleo la III limepewa jenereta tatu za megawati 4 kila moja pamoja na vipozaji vikubwa zaidi ili SPY-6 iweze kuwaka. Inatosha, lakini kwa kubana. Umbo la meli hii ni la miaka ya 1980, ya kwanza iliingia kazini tarehe 4 Julai 1991, na kila toleo limeongeza uzito ndani ya chombo kilekile. Kinachofuata hakina pa kukaa. Ndiyo sababu Marekani ilianza kupanga destroya mpya, DDG(X), yenye mwili mkubwa zaidi.

Anayetaka kuona meli iliyojaa umeme atazame Zumwalt, destroya nyingine ya Marekani: megawati 78, umbo linalokimbia macho ya rada, na bei iliyofanya mpango wa meli 32 uishie meli 3. Mizinga yake miwili ya milimita 155 ilibaki bila risasi kwa sababu risasi zenyewe zilikuwa ghali kiasi cha kufutwa. Sasa mizinga hiyo inang'olewa ili kupisha makombora ya kasi kubwa. Sitamshauri mtu yeyote.

Kwa Type 055 faida ni ya wazi na haihitaji siri yoyote kuijua: mita 180 na tani zaidi ya 12,000 ni nafasi. Nafasi ya jenereta, ya nyaya, ya silaha ambazo hazijabuniwa. Kwa miaka 30 ijayo, hilo ni jambo ambalo Burke haiwezi kulinunua kwa fedha yoyote.

Sasa tufungue ghala

Seli si kombora moja. Seli ya Mk 41 ya Burke inapokea ESSM nne kwa pamoja, hivyo seli nane zinatosha makombora 32 ya kujihami kwa umbali mfupi. Inapokea pia Tomahawk ya kupiga nchi kavu, SM-3 ya kudungua balistiki nje ya angahewa, na kombora la kubeba topido dhidi ya nyambizi. Nahodha wa Burke anaondoka na mchanganyiko unaolingana na kazi aliyopewa.

Seli za Type 45 ni 48, kila moja Aster moja, na ni fupi mno kwa kombora la kupiga nchi kavu. Hii ni meli ya kazi moja. Inaongezewa seli 24 za Sea Ceptor na hesabu itafika 72, lakini nazo ni za kujihami angani. Seli za Type 055 ni pana kuliko za Mk 41 na zinakubali makombora makubwa zaidi, ya kupiga meli kama YJ-18 pamoja na HHQ-9B ya kujihami. Kama kazi ni kuzamisha manowari nyingine, Type 055 ndiyo iliyozaliwa kwa hilo.

Kisha kuna swali ambalo Bahari ya Shamu imelifundisha upya. Kuanzia Oktoba 2023, USS Carney ilipoanza kudungua droni na makombora kutoka Yemen, destroya zilikuwa zikirusha makombora ya bei kubwa kwenye droni za bei ndogo, usiku kwa usiku. Seli ikishatoka tupu haijazwi kwa urahisi baharini. Meli inaacha doria na kwenda bandari yenye kreni. Marekani ilifanya jaribio la kupakia baharini kwa kruza USS Chosin mnamo Oktoba 2024, nalo lilikuwa la kombora tupu kwenye maji ya California. Kwa hiyo seli 96 dhidi ya 48 ni siku ngapi unaweza kukaa kwenye doria kabla hujaondoka. Hapo ndipo wingi una thamani ya kweli, na hapo Type 45 inaumia. Januari 2024 HMS Diamond ilidungua droni saba kwa usiku mmoja, na Aprili ikadungua kombora la balistiki. Ilifanya kazi yake bila dosari, lakini hesabu ya zilizobaki inakwenda haraka ukianza na 48.

Usidharau pia bunduki ndogo za mwisho. Mwishoni mwa Januari 2024 kombora lilipenya hadi karibu maili moja kutoka USS Gravely, likamalizwa na bunduki ya Phalanx.

Chini ya maji

Hapa nitapita haraka kwa sababu hakuna mashindano. Burke ina sona (kifaa cha kusikiliza chini ya maji) kubwa puani, topido zake na, kuanzia toleo la IIA, mabanda mawili ya helikopta. Matoleo ya I na II hayana banda kabisa, upungufu wa ajabu kwa meli kubwa hivyo. Type 055 ina sona ya puani na nyingine ya kuburuta nyuma, na helikopta mbili. Type 45 ina sona ya puani tu, haina ya kuburuta, haina hata mirija ya topido. Inategemea helikopta yake na frigeti, manowari ndogo kuliko destroya, iliyo jirani. Ukiipeleka peke yake kwenye bahari yenye nyambizi, umeitoa sadaka.

Kupigwa na kubaki

Mwaka 1975 kruza USS Belknap iligongana na meli ya kubeba ndege, moto ukashika, na jengo lake la juu la alumini likayeyuka. Burke ikajengwa chuma kuanzia mkuku hadi juu, ikawekewa pia sehemu za ndani zenye hewa ya shinikizo ili sumu na vumbi la nyuklia visipenye. Jaribio la kweli lilikuja Aden tarehe 12 Oktoba 2000: mashua iliyojaa baruti ililipua ubavu wa USS Cole, mojawapo ya Burke, ikatoboa tundu la upana wa mita 12 hivi na kuua mabaharia 17. Waliobaki walipambana na maji kwa siku kadhaa na meli haikuzama. Ilibebwa kwao, ikatengenezwa, ikarudi kazini.

Ushahidi wa namna hiyo Type 055 haina. Silaumu, kutopigana si kosa. Ila ukiwa unachagua, rada iliyodungua kombora halisi na mwili uliostahimili bomu halisi vina uzito ambao karatasi ya sifa haina.

Basi ipi

Kama kazi ni kuilinda meli moja muhimu dhidi ya mashambulizi ya angani, na kuna frigeti za kushughulikia nyambizi, chukua Type 45 iliyokwisha kubadilishwa dizeli. Inaendeshwa na mabaharia 190 hivi wakati Burke inahitaji zaidi ya 300, na mishahara, vyumba na chakula cha watu mia moja zaidi ni gharama ya kila siku kwa miongo mitatu. Kama kazi ni kuidhibiti bahari dhidi ya manowari kubwa za adui, na una muda wa kuikuza meli hadi ifae silaha za kesho, mwili wa Type 055 ndio ningeutaka. Kama hujui kesho utatumwa wapi, ni Burke toleo la III, pamoja na ubanaji wake wote. Si bingwa wa chochote isipokuwa balistiki, lakini hakuna kazi ambayo itakuambia haiwezi.

Upatikanaji nao unakata mabishano mengi. Zilijengwa Type 45 sita tu, kati ya 12 zilizopangwa mwanzoni, na hakuna karakana inayoendelea kuzitengeneza. Type 055 China inajijengea yenyewe. Burke zimevuka 70 na bado zinajengwa Bath na Pascagoula, Marekani, kwa zaidi ya dola bilioni 2 moja. Nchi nyingine zimechukua mfumo wa Aegis na kuupachika kwenye meli zao wenyewe: Japani tangu destroya yake iitwayo Kongo ya mwaka 1993, Hispania kwa frigeti za Álvaro de Bazán, na Australia ikachukua mchoro wa Hispania kujenga destroya tatu za Hobart zenye seli 48 kila moja.